Upande wa Ndani wa Kinyago

Mimi ni natur. Ndilo jina wanalotuita huku Dubai sisi tunaokaa mlangoni mwa majengo ya watu, tukipokea vifurushi, tukiwafungulia wa gari la taka, tukijua nani amepoteza ufunguo tena. Jengo langu liko Jumeirah Village Circle. Nimekaa kwenye meza yake muda mrefu, hata watoto niliowaona wakisukumwa kwenye vigari leo wananipita wakiwa warefu kuliko mimi. Kabla ya hapo, nyumbani Ukambani na baadaye Mombasa, nilikuwa mchongaji. Ndiyo sababu mzee mmoja alinikabidhi kinyago cha baba yake nikitengeneze, na ndiyo sababu nilikiharibu.

Mzee huyo alikuja wakati wa baridi, yaani ile miezi ambayo mtu anaweza kusimama nje mchana bila kutafuta kivuli. Alitoka Meksiko kumtembelea binti yake anayekaa ghorofa ya tatu. Binti nilimjua vizuri. Siku za kazi yuko ofisini, na Jumamosi anafundisha ngoma za kwao katika chumba cha mikutano cha wakazi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtolea viti nje ili wanafunzi wake wapate nafasi ya kuruka. Aliniita anko. Wakazi wengi wanatuita hivyo sisi wazee wa mlangoni, lakini yeye alilitamka kana kwamba kweli mama yake na mimi tulinyonya titi moja.

Asubuhi moja nikiwa mezani nilisikia mlio nyuma ya jengo, upande wa chumba cha taka. Tok, tok-tok, kimya, tok. Mtu mwingine angedhani ni fundi wa mabomba. Mimi nilijua ni patasi kwenye mti laini, na nilijua pia kwamba anayepiga ni mtu wa kutulia na kuangalia kabla ya kupiga tena. Niliacha meza, jambo lisiloruhusiwa, nikazunguka nyuma.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya saruji, kofia ya majani kichwani, kipande cha mti kimebanwa katikati ya magoti. Kazi yangu ilikuwa kumwambia kwamba ni marufuku kufanya shughuli kama hizo katika sehemu za pamoja. Tangazo lenyewe limebandikwa ukutani, na alikuwa ameliegemea. Badala ya kusema kitu nilichuchumaa mbele yake.

Hakujua Kiingereza, nami sijui Kihispania. Nilinyoosha mkono, akanipa patasi. Nikajaribu makali kwenye ukucha wa kidole gumba kama tulivyofundishwa zamani. Akacheka kwa pua, kisha akanisogezea ule mti. Uso ulikuwa umeanza kutokea, mashavu yakiwa bado mazito. Nilitoa kipande kimoja kwenye shavu, kipande chembamba kilichojikunja chenyewe. Mzee alikiokota, akakiinua kwenye mwanga.

"Maestro," akasema.

Jioni binti yake alinieleza kwamba mafundi wa kwao ndivyo wanavyoitana, fundi kwa fundi. Miaka yote niliyokaa huku nimeitwa sikyuriti, natur, anko, na mara nyingine "wewe". Siku hiyo nilirudi mezani nimenyoosha mgongo.

Tangu hapo nikawa natafuta sababu ya kwenda nyuma. Meza nilimwachia mwenzangu, fundi wa matengenezo wa jengo letu, mwanamume wa Mombasa ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na likizo.

"Mzee wangu, wenda tena kwa mchumba wako?"

"Naenda kuangalia taka."

"Taka gani hiyo yavaa kofia ya majani?"

Binti naye akirudi kazini alikuwa akipitia pale nyuma kabla ya kupanda nyumbani. Ni yeye aliyetufasiria. Nilimuuliza kwa nini nyuso zote ambazo baba yake anachonga ni za aina moja, wazee wenye mashavu ya waridi na mikunjo, wanaocheka kwa vinywa vyenye jino moja au bila jino kabisa.

"Ni vibabu," akasema. "Na ngoma yenyewe inaitwa hivyo, Ngoma ya Vibabu. Kwetu milimani, karibu na ziwa, vijana wanavaa nyuso za wazee na kucheza kama wazee."

Baba yake alielewa tunazungumzia nini. Akasimama, akachukua mpini wangu wa ufagio ukawa fimbo, akapinda mgongo. Akakohoa. Akatetemeka hadi fimbo ikagonga ngazi. Akajifanya anaanguka, akajishika, akatutazama kwa aibu kama mzee anayetumaini hakuonwa. Halafu ghafla miguu ikaamka. Alivaa ndala zenye nyayo za mbao, na mlio uliotoka pale kwenye saruji ulikuwa wa mvua kubwa kwenye paa la mabati. Haikuchukua muda. Akashika goti, akakaa, akasema neno huku akihema.

Binti alicheka, kisha akaacha. "Anasema alipokuwa kijana ilimbidi ajifunze kutetemeka. Sasa kutetemeka kunakuja kwenyewe, kinachomshinda ni miguu."

Nilipomsimulia mwenzangu, alinipiga begani. "Ngoma ya vibabu? Basi wewe umefuzu bila mtihani!"

Kinyago chenyewe nilikiona baadaye. Mzee alikishusha kikiwa kimefungwa taulo, akakifungua juu ya mapaja yake. Kilichongwa na baba yake. Baba yake alikicheza hadi alipozeeka, kisha mzee huyu akakirithi, na ameshakicheza maisha yake yote. Rangi ya mashavu ilikuwa imepauka, lakini kile kicheko kilikuwa hai kiasi kwamba nilijikuta nacheka nacho.

Binti hakukigusa. Alikuwa amesimama mikono kifuani. Baba yake alipopanda juu kuchukua maji, aliniambia mambo ambayo nadhani alikuwa ameyashikilia muda mrefu. Alipokuwa msichana alikiomba kile kinyago. Aliambiwa ni cha wanaume. Aliomba tena alipokuwa mkubwa, wakagombana, akaondoka kwenda kutafuta maisha mbali, na simu zao zikawa za salamu tu. Huku Dubai akaanza kuwafundisha watu ngoma hiyo akitumia vinyago vya karatasi. Mtu akampelekea baba yake picha za video. Mzee akatazama Wahindi na Wafilipino na Waarabu wakikohoa na kutetemeka chini ya uongozi wa binti yake. Kisha akapiga simu kusema anakuja.

"Jumamosi ijayo tunacheza kwenye bustani," binti akaniambia. "Atakicheza mara yake ya mwisho. Mwishoni atakivua mbele ya watu anivalishe mimi."

Alisema hivyo akitazama ukuta. Nilijua alikuwa hataki nione macho yake.

Tatizo lilikuwa ufa. Hewa ya kiyoyozi cha ghorofani ilikausha ule mti, ukapasuka kutoka kidevuni hadi karibu na mdomo. Mzee angeuziba mwenyewe, ila patasi ilimteleza akichonga vinyago vya wanafunzi na kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa bandeji nene. Alikiinua kinyago kwa mikono miwili, akanipa.

"Anko," binti akasema, "baba anaomba umzibie huu ufa. Ufa tu."

Nilikipokea kwa mikono miwili pia.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda Satwa na mwenzangu. Yeye alikuwa anachukua suruali kwa fundi cherehani, mimi natafuta gundi ya mbao. Duka la vifaa lilikuwa pembeni mwa gereji. Niliweka gundi mezani, na kibano kidogo, kisha nikaomba na msasa, wa kukwaruza na mlaini.

"Gundi ni ya ufa," mwenzangu akasema. "Na msasa?"

"Wa kumalizia."

"Umeambiwa umalizie?"

"Kazi ya mbao haiachwi hivi hivi. Wewe ni mtu wa mabomba, huwezi kuelewa."

"Haya, profesa. Yalla, basi latuacha."

Lazima nieleze tulivyokuwa tukifanya kazi Mombasa, maana hapo ndipo mkono wangu ulipopata tabia yake. Tulichonga vinyago vya kuuzia watalii. Sisi Wakamba hatuna ngoma ya vinyago. Tunaruka, tunapinduka hewani, lakini nyuso ni zetu wenyewe. Zile tulizochonga tulizitoa kwenye picha, nyuso za watu wa nchi ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyefika, na hatukujua zilikuwa za harusi, za mazishi ama za kutisha watoto. Hakuna aliyewahi kuvaa alichochonga. Mwisho wa safari yake ni msumari ukutani. Msimamizi wetu alikuwa na desturi moja. Ukimpelekea kinyago hatazami uso. Anakigeuza, anapitisha kiganja upande wa ndani. Kikikwaruza, anakurudishia.

"Mzungu hugeuza," alikuwa akisema. "Akikuta nyuma kumeparuzwa atajiuliza mbele umemficha nini."

Kwa hiyo sisi sifa yetu ilikuwa nyuma. Mimi nyuma yangu ilikuwa laini kuliko ya wote. Wenzangu walinitania kwamba mtu angeweza kula uji ndani yake.

Nilifanya kazi juu ya paa la jengo tunalolala, mchana, upepo ukiwa mzuri. Ufa niliuziba vizuri sana. Niliingiza gundi kwa kijiti, nikabana, nikangoja, nikafuta, na rangi niliigusa kidogo tu mahali ilipomeguka. Ukitazama leo huwezi kuuona. Ningekifunga tena kwenye taulo hapo, nisingekuwa na kitu cha kuandika.

Nilikigeuza. Nikapitisha kiganja.

Kilikwaruza kila mahali. Ndani kulikuwa kweusi, kumevimba huku na kubonyea kule. Upande wa kulia palichimbwa kwenda chini zaidi kuliko kushoto. Mahali pa pua palikuwa na kinundu kimekaa upande. Kwenye paji kulikuwa na alama za kisu, nyingine za zamani, nyingine za juzi juzi. Niliona kazi ya mtu aliyeharakishwa. Nikamwonea huruma baba yake yule mzee, kwamba uso aliuweza namna ile na nyuma kukamshinda. Nikajiambia nitamfanyia mwanawe zawadi.

Unga wa kwanza uliotoka kwenye msasa ulikuwa mweusi. Halafu ukawa wa kahawia. Ukatoka na harufu ya jasho la zamani, moshi wa kuni na mafuta ya nywele. Ilikuwa harufu ya mtu. Siwezi kusema sikuijua. Pua iliniambia, na mkono ukaendelea, kwa sababu mkono ulikuwa na furaha. Miaka mingi ulikuwa umeshika simu ya mezani na kalamu ya wageni, na sasa ulikuwa umekumbuka kazi yake. Unga ulipoanza kutoka mweupe nilitabasamu peke yangu pale juu ya paa. Nikabadilisha msasa, nikaingia na ule mlaini, nikamalizia kwa kitambaa chenye nta. Kinundu cha pua nilikiondoa chote.

Kesho yake nilikipeleka pale kwenye ngazi. Binti alikuwapo. Mzee alifungua taulo, akatazama kidevu, akapitisha ukucha mahali ufa ulipokuwa, akaguna kwa kuridhika. Kisha akakigeuza. Anageuza kama msimamizi, nilisema moyoni, huyu ni mtu wa kazi.

Kidole chake kizima kiliingia ndani. Kikaenda mahali pa pua, kikasimama. Kikarudi, kikaenda tena. Nimewahi kuona mtu aliyeamka gizani akipapasa ukuta kutafuta swichi katika nyumba ambayo si yake. Ndivyo kidole kile kilivyokwenda.

Alimuuliza binti yake jambo kwa sauti ya chini.

"Anauliza," binti akasema polepole, "mahali pa pua pameenda wapi."

"Nimepalainisha. Palikuwa na kinundu."

Mzee alikivaa. Kiliteleza. Matundu ya macho yalishuka hadi mashavuni, na kidevu cha kinyago kikaning'inia juu ya kifua chake. Akakipandisha kwa kiganja, akakiachia, kikateleza tena. Alibaki amekaa hivyo, na ule uso wa mbao uliendelea kunichekea kwa jino lake moja. Nadhani hakukivua haraka kwa sababu hakutaka nimwone.

"Anko," binti akasema. Alikuwa amepauka. "Kile kinundu ni pua ya babu yangu. Ilivunjika akiwa kijana, akachonga mahali pake. Ule upande uliochimbwa ni taya la baba. Anayekipokea anapunguza kidogo kwa ajili ya uso wake, pa waliomtangulia anapaacha. Ndiyo kinavyokaa usoni. Mimi nami ningepunguza pangu."

Hapo palikuwa na neno moja la kusema, na mimi nilisema lingine.

"Hamkuniambia."

"Nilikwambia ufa tu."

"Hamkuniambia nisiguse ndani."

Alimshika baba yake mkono, wakapanda juu, kinyago kikiwa chini ya kwapa la mzee bila taulo. Taulo waliniachia mimi.

Mwenzangu alinikuta mezani. Nilimweleza, na alinisikiliza hadi mwisho, jambo geni kwake.

"Na wewe ukasemaje?"

"Nilisema hawakuniambia."

"Subhanallah. Mzee wangu, mtu akupe mwanawe umfunge kamba za viatu, wewe wamnyoa nywele, kisha wasema hukwambiwa usimnyoe?"

"Nilitaka kumpendezesha."

"Ulitaka aone wewe ni fundi. Alishakuita fundi, sasa wataka nini zaidi?"

Alikwenda zake kufungua bomba la mtu. Ndivyo ilivyokuwa.

Nilipomaliza zamu nilipanda ghorofa ya tatu. Milango yote ya jengo lile naijua, lakini kuingia ndani na kukaa ni nadra. Binti alifungua, akasita, akanipisha. Mzee alikuwa mezani. Kinyago kilikuwa mbele yake, kimelala kifudifudi, ule weupe wa ndani ukitazama dari. Chini ya taa ulionekana mweupe kuliko nilivyoukumbuka.

"Madam, mwambie baba nimekosa," nilisema. "Mlisema ufa tu, nilisikia. Nilitaka kujionyesha. Na nilipoambiwa kosa langu nikawatupia ninyi."

Alifasiri. Mzee alininyooshea mkono. Nilidhani ni wa kuagana, nikampa wangu, lakini aliugeuza kiganja juu, akakipapasa kwa kidole kisicho na bandeji. Akasema maneno machache.

"Anasema mkono wako ulifanya kazi nzuri," binti alisema. "Anasema ungekuwa mkono mbaya ungemwachia walau kidogo."

Nilijitolea kukijaza. Unga wa mbao na gundi ukichanganywa vizuri unashika kama mti, tulikuwa tukiziba hivyo mashimo ya wadudu. Mzee alitikisa kichwa kabla hata sijafasiriwa. Gundi ilifaa ufa, lakini pua ya baba yake hakuitaka ya gundi.

Binti alinisindikiza hadi kwenye lifti. "Hatakivaa Jumamosi," akasema. "Anasema si uso wake tena, na kile ambacho si chake hawezi kunipa. Nimengoja tangu nikiwa msichana, anko." Mlango wa lifti ukafunguka. Alikuwa bado ameniita anko, kwa mazoea. Baada ya hapo akaacha, akawa ananiambia habari ya asubuhi tu, kama wakazi wengine.

Jumamosi nilipanga viti kwenye bustani. Sikuambiwa nifanye hivyo, na sikuambiwa nisifanye. Watu walikuja na watoto na mikeka kabla jua halijashuka. Mwenzangu alikuja na familia ya binamu yake kutoka Al Warqa, akasimama karibu nami.

Muziki ulipoanza, wanafunzi waliingia kwa mstari, wamepinda migongo, wamevaa nyuso mpya za vibabu na kofia zenye riboni. Mbele yao alikuwa mzee mwenyewe, kofia na riboni na fimbo kama wao, lakini uso wake ukiwa mtupu. Watazamaji hawakuelewa. Kati ya nyuso zote zile za wazee, wa kweli alikuwa mmoja, na ndiye pekee aliyekuwa hacheki. Binti hakuwapo kwenye mstari. Nikadhani amekataa kucheza, na nilitamani kuondoka.

Halafu akatokea kutoka nyuma ya spika, wa mwisho kabisa, amevaa kile kinyago.

Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani ili kimshike, na bado kiliteleza. Kila hatua macho yalishuka, naye hakuweza kuona. Kwa hiyo alikuwa amekishikilia kwa kiganja, mkono mmoja umebana taya, mwingine kwenye fimbo. Nilijua hakuomba ruhusa, kwa sababu mzee alipomwona alisimama katikati ya hatua na wanafunzi wawili wakamgonga mgongoni.

Mtoto mmoja mbele alicheka kwa sauti. "Babu anaumwa na jino!" alimwambia mama yake kwa Kiingereza. Kicheko kikaenea. Na kweli, ukimtazama, alikuwa kibabu mwenye jino moja, na jino lenyewe linamuuma, ameshika shavu, anatetemeka kwa maumivu na bado anang'ang'ania kuja kwenye ngoma. Hakukuwa na mtu pale, isipokuwa sisi wachache, aliyejua kwamba ameshika taya kwa sababu ya msasa wangu.

Mzee hakusogea. Nilimtazama uso wake kwa kuwa haukufunikwa. Nilidhani atamvua kile kinyago. Akamsogelea kwa mwendo wa kibabu, fimbo ikigonga, akainama, akachungulia ndani ya mdomo wa mbao. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeona mabaya. Kisha akaingiza vidole viwili, akajifanya ameshika lile jino, akavuta. Binti akapiga ukelele. Mzee akaanguka nyuma akakaa chini. Watu walicheka hadi wengine wakasimama. Wanafunzi walimwinua, na akiwa bado anapepesuka miguu yake ikaanza, na ya binti ikaanza, mvua ile ile kwenye mabati, wawili wakitazamana, mkono wake binti haujatoka shavuni.

Muziki ulipokwisha mzee alimgeuza binti yake. Akafungua fundo la kitambaa nyuma ya kichwa chake, akalifunga upya, akalikaza. Nilikuwa upande wa nyuma, niliona mgongo wake tu na viwiko vikisogea. Fundo la kitambaa si kazi ya muda mrefu. Yeye alichukua muda mrefu. Mwenzangu aliniuliza, "Yuafanyani?" Nikamwambia, "Anamvalisha."

Mzee aliondoka baridi ilipokwisha. Nilimbebea sanduku hadi kwenye teksi. Alinikumbatia kwa mkono mmoja, akaniambia, "Amigo," na neno hilo nalijua. Maestro hakuniita tena. Nimelifikiria jambo hilo sana pale mezani, kama nilipandishwa au nilishushwa, na sijapata jibu. Najua tu kwamba pua ya baba yake ilikuwapo duniani hadi mchana ule nilipopanda paani, na baada ya hapo haikuwapo. Hilo halikurekebishwa na kicheko cha watu wa bustani.

Wanafunzi wa binti sasa wanagombea nani awe kibabu wa jino, lakini sehemu hiyo ni yake, hampi mtu. Kinyago hakitundiki ukutani. Nakiona kila Jumamosi kikipita mbele ya meza yangu ndani ya mfuko wa kitambaa, mimi nikienda kutoa viti, yeye akisema habari ya asubuhi.

Wiki iliyopita alisimama. Alikuwa ametoka kufundisha, nywele zimemganda kwenye paji. Akatoa kinyago mfukoni, akakigeuza, akaniwekea mezani juu ya kitabu cha wageni.

"Angalia, anko."

Mahali pa paji, na kidogo kwenye shavu ambako kiganja chake hukibana, weupe ulikuwa umeanza kuharibika. Lilikuwa doa la rangi ya chai, lisilo na umbo, lenye ukingo mweusi kidogo. Ukiwa na haraka ungedhani ni uchafu.

Nilitaka kuligusa. Niliweka mikono yangu nyuma, nikainama, nikatazama.